Ngoma Isiyo na Pumzi: Giorgio Moroder, Disko Matanga na Suala la Mtunzi

Katika idara zetu za Kiswahili, mtu anapouliza wimbo fulani umetungwa na nani, huwa anauliza habari za maneno. Aliyeyapanga maneno ndiye mtunzi. Aliyepiga ngoma ni mpigaji tu. Na yule aliyekaa katika chumba cha kurekodia akaamua ngoma ianze wapi, irudiwe mara ngapi na ikome wapi, hana jina katika istilahi zetu za tahakiki isipokuwa lile la mtaani, prodyuza. Mazoea haya yana historia. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hata baada ya Euphrase Kezilahabi kuzichokoza sheria hizo kwa Kichomi mwaka 1974, mgogoro wetu umekuwa juu ya neno: lipimwe au lisipimwe, litiwe vina au liachwe huru. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliturejesha kwenye uimbaji, ambako tungo za Waswahili zilikuwa zikiishi kabla ya kukaushwa kwenye karatasi. Tulimsoma, tukamsifu, kisha tukarudi kuhesabu mizani.

Nakusudia hapa kuliendea suala la mtunzi kwa upande wa ngoma, tena kwa kuanzia na mtu ambaye hatumfundishi wala hatuna sababu ya kumfundisha: Giorgio Moroder, mtayarishaji wa muziki wa disko. Najua baadhi ya wasomaji watashangaa jina hili linatafuta nini katika jarida la tahakiki ya fasihi. Nawaomba wanivumilie. Jina hilo lilinijia kwa njia ya matanga, huko kwetu Mumias, na mpaka leo siwezi kuyatenganisha.

Moroder alizaliwa mwaka 1940 katika mji mdogo wa Ortisei, kwenye milima ya kaskazini mwa Italia, lakini kazi iliyompa jina aliifanyia Munich, Ujerumani. Mwaka 1975 yeye na mwenzake Mwingereza, Pete Bellotte, walimrekodi mwimbaji Mmarekani Mweusi, Donna Summer, katika wimbo "Love to Love You Baby", ambao kwenye santuri kubwa ulijaza upande mzima, karibu dakika 17. Mwaka 1977 walitoa albamu I Remember Yesterday, iliyokusudiwa kumpitisha msikilizaji katika zama mbalimbali za muziki, na wimbo wake wa mwisho ukapewa kazi ya kuusimamia wakati ujao. Huo ndio "I Feel Love". Waliiweka kando bendi pamoja na magitaa na nyuzi zake. Wakaazima kutoka kwa mtunzi Eberhard Schoener sinthesaiza ya Moog, chombo cha nyaya na swichi chenye ukubwa wa kabati la nguo. Msaidizi wake, Robby Wedel, ndiye aliyejua siri ya kukifungamanisha chombo hicho na utepe wa kurekodia, hata kila sauti iliyoongezwa ikaanguka barabara juu ya ile iliyotangulia. Mwezi Julai mwaka huo wimbo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza ukakaa huko wiki nne. David Bowie alisimulia baadaye jinsi Brian Eno alivyomjia mbio mjini Berlin akiwa na santuri hiyo, akiamini kwamba amesikia muziki wa kesho.

Mhakiki wa fasihi akipewa matini ya wimbo huu peke yake atadhani amepewa rasimu. Maneno ni machache mno. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyanakili yote kwenye nusu ukurasa na nafasi ingebaki. Hakuna kisa wala taswira ya kuitafutia ufafanuzi. Kinachotenda kazi ni mrindimo wa chini, noti zile zile zikijirudia kwa kasi ya kati ya midundo 120 na 130 kwa dakika, kila noti ikifuatwa na mwangwi wake, moja kwenye sikio la kushoto na nyingine kwenye la kulia. Juu ya mrindimo huo sauti ya mwanamke inaelea kana kwamba haikanyagi ardhi. Aliyesema hakuna utunzi hapo amesema hivyo kwa kuwa anautafuta mahali usipokuwapo.

Warithi wa kazi hiyo wanajulikana, na sitawataja wote. Patrick Cowley, mjini San Francisco, aliurefusha wimbo huo mwaka 1978 ukakaribia dakika 16. Mjini Chicago, ambako tarehe 12 Julai 1979 santuri za disko zililipuliwa uwanjani mbele ya umati uliokuwa ukishangilia, Frankie Knuckles aliendelea kuzicheza katika klabu ya Warehouse, na kutoka kwenye jina la klabu hiyo ukapatikana muziki wa hausi. Vijana Weusi wa Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliutengeneza ule wa tekno. Uingereza kulikuwa na New Order na "Blue Monday" ya mwaka 1983. Jambo linalonihusu ni moja: kadiri urithi ulivyosonga mbele ndivyo maneno yalivyozidi kupungua. Katika hausi na tekno mara nyingi hubaki kirai kimoja kilichokatwa na kurudiwa, na katika nyimbo nyingi hata hicho hakipo. Mashine ilikuwa imeyapokonya maneno mahali pa kukaa.

Ipo hadithi inayopendwa kuhusu mashine hiyo, kwamba mtu mmoja mwenye akili aliingia chumbani akatoka na muziki wa kesho. Mwaka 2013 kikundi cha Kifaransa cha Daft Punk kilimpa Moroder nafasi ya kuisimulia mwenyewe, kwa sauti yake, katika wimbo wenye jina lake. Ni kazi nzuri. Hata hivyo wimbo wa mwaka 1977 ulikuwa kazi ya wengi: Bellotte, Wedel, Summer mwenyewe ambaye jina lake limo miongoni mwa watunzi, na mpiga ngoma Keith Forsey. Huyu wa mwisho ndiye ninayempenda zaidi. Sinthesaiza ile iliweza kuigiza karibu kila kitu isipokuwa mshindo mzito wa ngoma kubwa. Ulitoka mwembamba, haukuwaridhisha. Ikabidi Forsey akae akaupige kwa mguu, dakika baada ya dakika, akijilazimisha asitofautiane na mashine. Wimbo unaohesabiwa kuwa mwanzo wa muziki wa mashine unatembea kwa mguu wa mtu aliyekatazwa kuchoka. Tena wale wanaotaka kuichora historia hii kama mto unaotoka Ulaya kuja kwetu wakumbuke kwamba miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1972, Manu Dibango wa Kameruni alikuwa ametoa "Soul Makossa", na kwamba David Mancuso aliposhika santuri hiyo mjini New York, wachezaji wa disko hawakuuliza imetoka bara gani.

Mimi nilizaliwa mwaka mmoja baada ya wimbo wa Moroder, katika kijiji kilichozungukwa na miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilikuwa kimeanza kusaga mwaka 1973, na utoto wetu ulipimwa kwa milio yake na kwa siku za malipo. Pesa ya miwa ilileta mabati, baiskeli na redio za kaseti. Baadaye ikaleta jenereta na spika. Kiwanda kilipowekwa chini ya msimamizi wa wadai mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya kuyumba, spika zilikuwa zimekwisha kuenea. Hizo hazikuondoka na pesa iliyozileta.

Mumias ni mji wenye namna mbili za kuomboleza, na msomaji asiyeujua anapaswa kuelezwa. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyofika kwa Nabongo wa Wawanga katika karne ya 19 iliacha Uislamu na Kiswahili. Waislamu wa mji huo huzika upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, na matanga yao hupita kwa kisomo na hitima. Jirani zao Wakristo huchukua muda. Maiti hulazwa mochari wiki moja au mbili, pengine zaidi, watoto walio Nairobi na Mombasa wasubiriwe, gharama zichangwe. Kwa hiyo nyumba ya msiba inabaki na usiku mwingi wa kujazwa, na haja ya pesa inayoongezeka kila siku maiti inapolala. Watu hukesha kwa moto wa kuni. Zamani usiku huo ulijazwa na sukuti.

Sukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo huhesabiwa kuwa baba, mama na mtoto. Huandamana na pembe, firimbi na kayamba. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa isukuti wa Waisukha na Waidakho, majirani zetu, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini kwetu sisi watoto haukuwa urithi. Ulikuwa kelele nzuri ya usiku. Sikumbuki mirindimo yake vizuri kama ninavyokumbuka vituo vyake. Wapigaji walichoka. Ngoma kubwa ililegea, mtu akatafuta maji au kitu kikali kuliko maji, mwingine akaisogeza ngozi karibu na moto ikazwe. Hapo ndipo mzee au mama mmoja aliposimama. Katika nafasi hiyo, ambayo haikutangazwa na mtu yeyote, alimwambia marehemu maneno yake: alimlaumu kwa kuondoka bila kuaga, akamkumbusha deni la ng'ombe, akamtumia salamu kwa waliotangulia. Kisha ngoma ndogo ikaanza tena, polepole, na neno lake la mwisho likawa kiitikio cha wimbo uliofuata. Fanani, hadhira na marehemu walikuwa katika utendaji mmoja, na mlango wa utendaji huo ulikuwa uchovu wa mikono ya watu watatu.

Disko matanga iliingia mlango mwingine. Sina tarehe ya kuitolea. Iliingia kama vijana wanavyoingia, kutoka pembeni. Dijei hukodiwa kwa usiku, jenereta ikafungwa nyuma ya migomba, spika mbili zikaelekezwa uani. Kazi yake ya wazi ni kukusanya mchango. Mtu hutoa shilingi 20 ili fulani acheze, mwingine hutoa 50 ili fulani huyo aketi, wa tatu hutoa 100 ili wimbo ubadilishwe. Machifu na maofisa wa usalama wameipiga marufuku mara kwa mara, wakitaja mimba za wasichana wa shule na ugomvi wa usiku wa manane, na hoja zao si za kupuuzwa. Nimewafundisha wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya usiku kama huo. Mwaka 2020, korona ilipoleta masharti ya kupunguza watu mazishini, ilinyamaza kwa muda. Ilirudi. Marufuku haitaiondoa maadamu mochari inadai na familia haina.

Sikuipata hoja ya insha hii vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita tulifiwa na kaka yake shangazi yangu mmoja, tunayemwita senje kwa Kiwanga, mwanamke ambaye katika ujana wake alijulikana vijiji vitatu kwa maombolezo. Wajukuu walileta disko. Senje hakupinga, pesa ilihitajika na aliujua ukweli huo kuliko sisi. Usiku wa pili, baada ya saa sita, alisimama karibu na moto, akajifunga kanga kiunoni, akasubiri. Muziki uliokuwa ukipigwa ulikuwa hausi ya Afrika Kusini, wimbo mmoja ukiungwa na mwingine bila mshono, kama ulivyo ufundi wa madijei tangu siku za Chicago. Kijana alipomwona alipunguza sauti kwa heshima. Aliipunguza tu, mdundo haukukoma. Senje alisubiri dakika nyingi, mkono mmoja shavuni. Kisha akaketi.

Asubuhi nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia: "Mwanangu, ile ngoma haina pumzi. Ningeingilia wapi?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii, nami nadhani ni tahakiki iliyo kali kuliko nyingi nilizosoma kuhusu Moroder na wenzake. Senje hakulalamikia ugeni wa muziki, wala kelele, wala uchafu wa maneno ambayo hakuyaelewa. Alilalamikia umbo. Alikuwa amefunzwa katika sanaa ambayo neno huingia pale mpigaji anapovuta pumzi, na sasa amekutana na mpigaji asiyevuta. Kile alichokifanya Wedel kwa kuifungamanisha sinthesaiza na utepe, na alichokifanya Forsey kwa mguu wake, kilikuwa kuuziba mlango ambao senje aliuzoea. Urudiaji wenyewe hakuuogopa. Sukuti hujirudia usiku kucha, na mwanafunzi yeyote wa utenzi anajua mashairi yetu yanavyotembea beti mia kwa mwendo mmoja. Lakini hata utenzi una kituo mwishoni mwa ubeti, mahali ambapo mwimbaji hupumua na msikilizaji huitikia. Tunakiita kituo na kukiwekea alama kwenye mtihani, bila kuuliza kinamfanyia nini mtu anayesubiri zamu yake ya kusema.

Hapa yawezekana mtu akauliza: Moroder anahusikaje hasa na ua wa nyumba kule Mumias? Madijei wetu hawamjui, na wengi hawajausikia wimbo wake. Katika fasihi linganishi tumezoea kuthibitisha athari kwa kuonyesha kwamba fulani alimsoma fulani. Muziki wa mashine hauenezwi hivyo. Vinanda vidogo vya umeme vilivyouzwa duniani kote miaka ya 1980, vya Casio na Yamaha, vingi vilikuwa na kitufe kilichoandikwa "Disco". Mtoto alikibonyeza, na kazi ya miaka mingi ya Munich na Philadelphia ikatoka imekaushwa, imefupishwa, haina jina la mtu. Athari ilisafiri ikiwa kitufe. Mfano ulio mashuhuri zaidi ni wa kitufe kingine: mdundo wa roki uliotiwa katika kinanda cha Casio MT-40 na mhandisi Okuda Hiroko, msichana aliyekuwa ameajiriwa karibuni, ambao mwaka 1985 ulikuwa "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith kule Jamaika na kuigeuza rege nzima. Katika hali kama hii suala la nani alimsoma nani halina jibu. Kilichorithiwa ni sharti: mdundo uko tayari, hautachoka, na wewe unayekuja utafute la kufanya nao.

Dar es Salaam ililijibu sharti hilo kwa namna ambayo Munich haikuitazamia. Kuanzia miaka ya 1990, katika vitongoji kama Mwananyamala, vikundi vya mchiriku vilichukua vinanda hivyo vya Casio, vikavipitisha katika vipaza sauti vikuukuu mpaka sauti ikakwaruza, na kuviweka pamoja na ngoma zenye asili ya Kizaramo. Jagwa Music ndicho kikundi kilichofika mbali zaidi. Albamu yake, Bongo Hotheads, ilitolewa Ulaya mwaka 2012. Kutoka kwenye mchiriku ikazaliwa singeli. Kipande kifupi cha taarabu au cha mchiriku hukatwa katika kompyuta, kikaharakishwa na kuzungushwa, mara nyingi zaidi ya midundo 200 kwa dakika, na nyingine hukaribia 300. Studio ya Sisso, iliyoko Mburahati, ilijulikana nje ya Tanzania mwaka 2017 kwa mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Bamba Pana na Jay Mitta walifuata mwaka 2018.

Hizo ni kasi ambazo Forsey asingeweza kuzifikia kwa mguu. Ni ngoma isiyo na pumzi kuliko zote. Ajabu ni kwamba maneno hayakupungua; yalifurika. Msikilize Msaga Sumu au Sholo Mwamba: majina ya mitaa, salamu kwa marafiki, matusi ya utani, methali zilizogeuzwa nusu, malalamiko ya kodi ya nyumba na ya wivu wa jirani, yote yamemwagwa juu ya mdundo usiompa mwimbaji nafasi hata ya kumeza mate. Jay Mitta aliipa albamu yake jina Tatizo Pesa, na Man Fongo akakipa kizazi kizima msemo wa "Hainaga Ushemeji". (Kile kiambishi -ga cha mazoea, ambacho sisi walimu wa sarufi tunakikata kwa wino mwekundu, kimeshinda kesi yake mtaani bila kutushauri. Wawanga tunacho cha aina hiyo katika lugha yetu, kwa hiyo sikushtuka.) Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alionyesha kwamba waimbaji wa tendi wa Yugoslavia walitegemea fomula kwa sababu walitunga papo hapo, mbele ya watu, na ubeti unaofuata haukuwangoja. Kasi ilizaa fomula. Sijui mahali katika Afrika Mashariki ya leo ambapo hoja ya Lord ingejaribiwa vizuri zaidi kuliko katika singeli, na sijui kwa nini bado tunawatuma wanafunzi wakaijaribu kwenye tendi zilizochapishwa karne iliyopita.

Kwa hiyo warithi wa Moroder ni wa aina mbili, na tofauti yao ni ya kifasihi kabla ya kuwa ya kimuziki. Wa Chicago na Detroit, na baadaye wa Berlin, waliona mlango umezibwa wakayaacha maneno nje, wakatengeneza ukimya mzuri ambao nami nina siku zangu za kuupenda. Wa Mburahati walipanda dirishani. Senje alikuwa kati ya hao wawili usiku ule: alikuwa na maneno, alikuwa na hadhira, na alikosa mbinu ya kuingilia. Mbinu yenyewe ipo, imevumbuliwa na vijana wenye umri wa wajukuu zake, lakini hakuna aliyeileta uani kwake, na sidhani angeitaka. Maombolezo yake yanahitaji kutua. Mwimbaji wa singeli akitua ameshindwa. Sioni njia ya kuwapatanisha, na wenzangu wanaosema kwamba sanaa za jadi huendelea tu katika maumbo mapya wanasema jambo la faraja ambalo sikuliona usiku ule.

Niliyaeleza haya kwa mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, binti wa kwetu, aliyekuwa akitafuta mada. Aliandika pendekezo la kulinganisha maombolezo ya wanawake wa Kiwanga na tungo za singeli, kwa kuangalia jinsi neno linavyokutana na mdundo. Jopo lililomsikiliza, ambalo halina haja ya kutajwa, lilimuuliza swali moja kwa njia tatu: hii ni fasihi? Mjumbe mmoja, mtu msomi ninayemheshimu, alisema kwamba utungo usioweza kusomwa bila ala yake si utungo. Nilimkumbusha kwamba kwa kigezo hicho tungepoteza sehemu kubwa ya taarabu. Akasema taarabu ina vina. Tulibishana mpaka saa ya chakula. Pendekezo lilipitishwa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba matini zote ziandikwe na kuwekwa kwenye kiambatisho, kana kwamba kuziandika ni jambo jepesi.

Si jepesi. Amekuwa akinijia ofisini na daftari zake tangu mwaka jana. Maombolezo yanaandikika: mstari hukoma pale ngoma iliporudi. Kwa singeli hakuna pa kukomea. Mdundo hauna kituo, vina hutokea na kupotea, na akiigawa mistari kwa mizani anapata mabunda ya maneno ambayo hakuna mtu aliyeyaimba hivyo. Kwanza alijaribu kukata mstari kila baada ya midundo 16. Ukurasa ukawa nadhifu na wimbo ukafa. Akajaribu kuandika kama nathari, mfululizo, nami nikamwambia hapana. Wiki mbili zilizopita alileta jaribio jingine. Alikuwa ameipunguza kasi ya rekodi kwenye kompyuta hadi nusu, akavaa visikilizio, akasikiliza kinywa cha mwimbaji peke yake. Kwa mwendo ule husikika kitu ambacho katika kasi ya kawaida kimefunikwa kabisa: mkwaruzo mfupi wa hewa ikivutwa, mara katikati ya neno, mara baada ya maneno 30. Amekata mistari hapo. Baadhi ni mirefu kupita upana wa karatasi, ikabidi aigeuze ilale, na mingine ina silabi tatu tu.

Ameomba nimpeleke kwa senje mwezi wa Desemba akamrekodi, na akamsikilizishe ya Dar es Salaam. Senje amekubali, kwa sharti kwamba mashine iwe na betri, kwa kuwa jenereta hataki kuisikia.